Utepe mwembamba waamua faida ya mafundi Karatu

KARATU

BIASHARA ya kutengeneza simu, kamera na redio ndogo katika mji wa Karatu inategemea kitu ambacho mteja hakioni na mara nyingi hajui kama kipo. Ni utepe mwembamba wa plastiki na shaba unaounganisha kioo, betri, kamera na vitufe na bodi ya kifaa. Fundi anayeuchomoa salama humaliza kazi katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Anayeuchana huingia deni la kipuri ambacho pengine hakiuzwi mtaani kwake, huku mwenye mali akiwa amesimama mlangoni.

Katika miji mikubwa hasara ya namna hiyo hupoozwa haraka. Fundi wa Kariakoo akichana utepe, ambao wengi huuita fleksi, humtuma kijana duka la jirani na baada ya nusu saa kazi inaendelea. Karatu ni habari nyingine. Mji uko kilometa zipatazo 140 kutoka Arusha, na Arusha yenyewe iko zaidi ya kilometa 600 kutoka Dar es Salaam, ambako vipuri vingi kutoka China huingilia. Kipuri kikipatikana Arusha hutumwa kwa basi na kupokewa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kisipokuwepo huko, hesabu ni ya siku kadhaa.

Na wateja wa Karatu wengi wao hawana siku kadhaa. Mtalii hulala mjini usiku mmoja au miwili, kisha alfajiri gari lake linaelekea lango la Ngorongoro. Kamera yake ikigoma jioni, ama itengenezwe usiku huo ama atashuka kreta bila kamera, safari ambayo pengine amejiwekea akiba miaka mingi. Dereva anayeongoza watalii naye ofisi yake ni simu: humo ndimo zinamoingia taarifa za kampuni, za hoteli na za madereva wenzake. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hupatana bei na dalali kwa simu kabla lori halijafika shambani. Simu ikizima kioo wiki ya mavuno, anauza kwa bei atakayoambiwa na wa kwanza kufika.

Kuna pia mfugaji anayeshuka kutoka ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro siku ya mnada. Huyu amekuja kuuza mbuzi na kununua unga, na simu yake ataikuta tayari kabla ya gari la jioni au ataiacha hadi mnada mwingine. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu iliyokufa kioo humtia mwenyewe hofu kwamba na fedha zimekwenda. Hazijaenda. Salio liko kwenye mitambo ya kampuni, na laini ikiwekwa katika simu nyingine fedha zinaonekana. Fundi anayeanza kwa kulieleza hilo hujipunguzia haraka mwenyewe, kwa sababu mkono unaoharakishwa ndio unaochana.

Hesabu ya hasara

Chukua mfano wa hesabu tu, usiuchukulie kuwa bei ya soko. Fundi anatoza Sh 10,000 kubadili betri. Akitoa pango la kibanda, umeme na chakula cha mchana, anabaki na Sh 6,000. Siku moja, akiwa anafungua simu ya namna ile ile aliyokwisha kuifungua mara nyingi, anachana utepe wa kitufe cha kuwashia. Utepe mpya ni Sh 12,000 na kuusafirisha kwa basi ni Sh 5,000. Jumla ni Sh 17,000, maana yake betri tatu zijazo atazibadili bure ili arudi alipokuwa. Bado hajahesabu saa alizopoteza, wala mteja atakayewaambia wenzake stendi.

Hiyo ni hasara ndogo. Utepe wa kioo mara nyingi hauuzwi peke yake, huja ukiwa umegandishwa kwenye kioo chenyewe, na kioo cha simu kubwa kinaweza kufikia sehemu nzuri ya thamani ya simu nzima. Fundi aliyeahidi kutengeneza spika anajikuta ananunua kioo.

Kwa sababu hiyo uchomoaji wa utepe ni hesabu ya fedha kabla ya kuwa suala la ufundi. Mtaji wa kwanza wa kibanda cha Karatu ni kutovunja kile kilicholetwa kizima.

Utepe wenyewe ukoje

Redio za zamani za transista ziliunganishwa kwa nyaya za kawaida, kila mmoja ukichomewa kwa lehemu mahali pake. Waya ukikatika, fundi aliuona kwa macho na kuuchomea tena. Vifaa vilipozidi kuwa vidogo, viwanda viliacha nyaya na kutumia karatasi nyembamba ya plastiki inayostahimili joto, yenye mistari ya shaba iliyolazwa ndani yake. Kamera ya Canon AE-1 iliyotoka mwaka 1976 tayari ilikuwa na saketi ya namna hiyo iliyokunjwa juu ya mwili wake. Baadaye ilienea katika redio za kaseti, kamera za video na hatimaye simu.

Shaba iliyomo ndani inaweza kuwa na unene wa mikroni 18 tu, chini ya nusu ya unywele. Mistari kadhaa hupita sambamba, na katika vifaa vingi kutoka mstari mmoja hadi wa pili ni nusu milimita au pungufu. Utepe hupenda kupinda taratibu, kama ukurasa wa kitabu. Hauwezi kustahimili kukunjwa kwa ukali mara kwa mara, wala kuvutwa upande. Ukipata ufa, mara nyingi plastiki ya juu hubaki nzima na jicho halioni kitu. Simu inawaka vizuri mbele ya mteja, analipa na kuondoka, na baada ya wiki mbili anairudisha ikiwa na mistari kwenye kioo.

Si kila simu ina tatizo hilo kwa kiwango kimoja. Nokia 3310 ya mwaka 2000, ambayo mafundi wengi walijifunzia kazi, kioo chake kiligusana na bodi kwa vidole vya chuma vyenye springi, na mtu aliweza kukitoa na kukirudisha bila hofu. Simu za kuteleza na za kukunja zilizofuata ndizo zilizowafundisha watu maana ya fleksi: kila mwenye simu alipoifungua kupokea, utepe ulipinda, mpaka siku moja ukakatika. Katika simu nyingi za bei nafuu zinazoitwa kitochi, utepe wa kioo hauna soketi kabisa, umechomewa kwa lehemu moja kwa moja kwenye bodi. Huo hauchomolewi. Unayeyushiwa lehemu yake yote kwa pamoja na kuinuliwa bila nguvu, na anayejaribu kuuvuta hung'oa na njia za shaba za bodi.

Namna ya kuchomoa

Kazi huanza kwa umeme. Betri hutolewa kwanza, na kama imefungiwa ndani, basi soketi yake ndiyo ya kwanza kuachanishwa kabla ya kugusa nyingine yoyote. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda. Lakini kioo kinapochomolewa huku betri imeunganishwa, njia ya umeme wa taa ya kioo inaweza kugusana na jirani yake kwa sekunde moja, fyuzi ndogo kwenye bodi ikaungua, na simu iliyokuja na tatizo la maiki ikaondoka na kioo cheusi. Kifaa kinachotumika kuinua soketi ya betri kiwe cha plastiki. Bisibisi ya chuma mahali hapo ni kutafuta cheche.

Kisha fundi hutazama. Hatua hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi. Kuna soketi za aina kadhaa, na kila aina ina njia yake. Mwenye kioo cha kukuza na taa nzuri huitambua kabla hajaigusa.

Aina ya kwanza ni ya kubana, iliyojaa katika simu za kisasa. Mwisho wa utepe una kipande kigumu cha mstatili kilichobanwa juu ya chenzake kwenye bodi, kama kifungo cha koti. Hiki huinuliwa wima kwa ncha ya plastiki, upande mmoja kidogo na upande wa pili kidogo, hadi kitoe mlio mdogo. Hatari iko pembeni: kandokando ya soketi kumejaa vijidude vya umeme vidogo kuliko punje ya ulezi, na ncha ikiingia chini yao badala ya chini ya kipande, vinang'oka na kupotea sakafuni.

Aina ya pili ina kilango, cheusi au cheupe au cha rangi ya kahawia, kinachofunguka kama kifuniko cha sanduku. Kwa baadhi, kilango kiko upande ule ule utepe unakoingilia. Kwa wengine kiko nyuma, upande wa pili. Fundi asiyetazama hubinya upande wa bawaba na kukivunja. Ukucha wa kidole hufanya kazi hii vizuri kuliko bisibisi, maana ukucha una hisia. Kilango kikishasimama, utepe unatoka wenyewe kwa kusukumwa kidogo. Hakuna nguvu inayohitajika hata kidogo, kwani soketi hizo zilibuniwa hivyo. Mkono ukihisi unavuta, kilango bado hakijafunguka.

Nyingine zina kilango cha kuteleza chenye masikio mawili, na hupatikana zaidi katika kamera na redio za magari. Masikio husogezwa nje kwa zamu, nusu milimita huku na nusu milimita kule, hadi kilango kitoke kama milimita moja. Sikio moja likivunjika soketi haibani tena sawasawa. Na zipo zisizo na kilango chochote: utepe umeshikiliwa na msuguano wa soketi tu. Hapo, na hapo peke yake, ndipo panapovutwa, kwa kushika ile ncha iliyoimarishwa kwa plastiki ngumu, ambayo mara nyingi ni ya bluu, na kuvuta sambamba na soketi bila kuyumba.

Kabla ya yote hayo huwa kuna vizuizi. Viwanda hubandika ukanda wa gundi wa njano au sponji nyeusi juu ya soketi ili isifunguke simu ikianguka, na wakati mwingine bamba la chuma lenye skrubu. Ukanda hubanduliwa taratibu huku kidole kikiwa kimekandamiza soketi isiinuke nao. Skrubu huwekwa kwa mpangilio kwenye karatasi iliyochorwa umbo la simu, kila moja mahali pake. Hili si la unadhifu tu. Katika baadhi ya simu skrubu za bamba moja hutofautiana urefu kwa sehemu ndogo ya milimita, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi. Utepe uliogandishwa kwa gundi chini yake hupashwa joto la wastani na kutiwa tone la spiriti, kisha kubanduliwa ukiwa umelala na si kwa kukunjwa juu.

Kurudisha nako kuna ajali zake. Utepe mwingi una mstari mweupe karibu na ncha yake, na mstari huo ukiwa sambamba na ukingo wa soketi, utepe umeingia sawa. Ukiingia kwa mshazari, njia moja inagusa ya jirani na fyuzi ile ile inaungua. Inasaidia kuwasha kifaa na kujaribu kila kitu kabla ya kufunga, kwa sababu kila kufungua tena ni kupunguza uhai wa soketi. Watengenezaji wa soketi za vilango hutaja mara 10 hadi 30 tu za kuchomeka na kuchomoa, na simu iliyokwisha kupita kwa mafundi watatu imetumia sehemu ya hizo.

Kilango kikivunjika si mwisho wa dunia. Kipande chembamba cha plastiki kilichokatwa kwa kipimo na kuwekwa juu ya utepe kinaweza kurudisha mbano. Mteja aambiwe, na aambiwe pia kuwa simu ikianguka huenda utepe ukachomoka. Anayekaa kimya hupata mgeni yule yule mwezi unaofuata, akiwa na hasira.

Vumbi na ukungu

Ngorongoro huongeza ugumu wake. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi la udongo wa volkano huingia katika kila tundu. Ndani ya kreta kuna Ziwa Magadi, na upepo wa eneo hilo unaweza kubeba chumvi ya magadi pamoja na vumbi. Ukingo wa kreta, uliopo mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, una ukungu na baridi asubuhi. Kamera iliyolala kwenye baridi ikiingizwa mahali pa joto hufanya umande ndani. Umande na chumvi zikikutana kwenye ncha za utepe huacha kutu ya kijani.

Kwa hiyo kamera nyingi zinazosemekana kuharibika Ngorongoro hazijaharibika. Utepe uchomolewe, ncha zake zifutwe kwa spiriti na brashi laini, zikaushwe, zirudishwe, na pengine kazi imekwisha. Mafundi wanaokimbilia kuuza kipuri hapo hujinyima sifa, na sifa ndiyo inayowafanya madereva wa watalii warudi na wageni wengine.

Zipo kamera ambazo utepe wake umechoka kwa kazi. Kioo cha nyuma kinachozunguka hupinda utepe wake kila kinapofunguliwa, na lenzi ya kuvuta mbali ina utepe ndani unaokwenda na kurudi. Lenzi ya Canon ya milimita 17 hadi 85 inajulikana kwa ubovu huo. Kazi ya namna hiyo haimalizwi usiku mmoja Karatu, na ni bora mgeni aambiwe saa moja jioni kuliko saa tano usiku.

Tahadhari moja ni ya maisha. Kamera yenye taa ya mwanga ndani yake huhifadhi umeme wa volti kama 300 katika kapasita, na umeme huo hubaki hata betri ikishatolewa. Fundi wa simu anayeingiza kibano cha chuma humo bila kuupoza kwanza kwa rezista anaweza kupigwa vibaya, na bodi ikafa pamoja naye mshangao.

Kazi za bei kubwa

Simu ya iPhone 5s iliyotoka mwaka 2013 ni mfano unaofaa kuwekwa ukutani. Kitufe chake kina kisoma alama za kidole, na utepe wake mfupi umetoka kwenye kioo hadi kwenye mwili wa simu. Aliyezoea kufungua iPhone 5 ya kabla yake aliinua kioo kwa mwendo ule ule na kuukata. Ubaya ni kwamba kisoma alama hicho kimefungamanishwa na bodi ya simu ile kiwandani. Kitufe kingine kinaweza kubonyezwa, lakini hakitasoma kidole. Utepe huo hauna fidia, hata fundi awe na fedha mkononi.

Ndiyo maana vibanda vinavyodumu huweka masharti mapema. Kifaa hujaribiwa mbele ya mteja kabla ya kufunguliwa: kioo, kamera, spika, vitufe, kidole. Kilichokwisha kufa huandikwa, na mteja huambiwa sehemu gani inaweza kuharibika katika kufungua na nani atalipa. Mtalii hulielewa hilo upesi. Mteja wa mjini huenda akaona fundi anajihami, lakini mabishano ya dakika tano kabla ya kazi ni nafuu kuliko ya nusu saa baada yake.

Akiba ya vipuri

Swali la mtaji ni nini kiwekwe kibandani. Kuagiza tepe za kila simu hakuwezekani, na nyingi zitazeeka kabla hazijauzwa. Njia ya busara ni kuhesabu simu zinazoingia kwa miezi miwili mitatu, kisha kuweka tepe za kuchaji na za vitufe kwa aina tano au sita zinazorudi mara nyingi. Vioo vya simu kubwa viagizwe mteja akishalipa malipo ya awali.

Chanzo kingine ni simu mbovu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016, simu hizo zilikoma kupiga, lakini kuzimwa huko hakukugusa tepe, soketi wala spika zilizomo ndani. Simu iliyozama majini au kuvunjika kioo nayo ina viungo vizima. Ina faida ya pili kubwa zaidi: kijana anayejifunza huifungua na kuifunga mara 20 bila kumdhuru mtu, na vilango atakavyovunja vitakuwa vya simu isiyo na mwenyewe.

Msimu wa masika, Aprili na Mei, wageni hupungua Karatu na vibanda hupata nafasi. Vipuri vya kamera kutoka ng'ambo havifiki kwa wiki moja, na magari ya watalii huanza kuongezeka Juni. Anayetaka kuuza msimu huo aagize kabla Aprili haijaisha, na akiba ya spiriti, brashi na ncha za plastiki aijaze kwa safari hiyo hiyo ya Arusha.